Vitambaa vya Karani

Kila alasiri Chiriku alipotoka shule, wa kwanza kumpokea walikuwa simbilisi wawili waliokaa kwenye kizimba cha mbao karibu na dirisha la sebuleni. Kabla hajavua viatu walikuwa wameshamsikia, na kelele zinaanza: wiii, wiii, wiii, kama milango miwili inayodai mafuta. Mgeni angedhani hawajala tangu juzi, kumbe walikuwa wameshiba tangu asubuhi.

Simbilisi ni wanyama wadogo wenye manyoya, mwili wa mviringo na miguu mifupi, wasio na mkia wa kuonekana. Hawa wawili walikuwa majike. Mmoja alikuwa mnene, na alipenda kukalia majani ili mwenzake asiyafikie, ndiyo maana akaitwa Bibi Mkubwa. Wa pili alikuwa mwembamba, wa rangi ya kahawia, na shingoni alikuwa na manyoya meupe mithili ya ukosi wa shati. Alipenda kukaa kwenye kona moja na kuwakodolea macho wapitao, kana kwamba wote wamekuja ofisini kwake na shida zao. Huyo aliitwa Karani.

Chiriku naye hakuitwa hivyo na wazazi wake. Jina hilo alipewa na majirani, kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Na neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "tayari." Ukimwuliza kama amefagia, tayari. Ukimwuliza kama amesoma, tayari. Wakati mwingine alijibu tayari hata kabla hujamaliza kuuliza.

Simbilisi walikuwa mali ya dada yake mkubwa, msichana mtulivu aliyeugua pumu tangu utotoni. Alipewa na mwalimu wake wa sayansi, mwalimu huyo alipohama. Mwanzoni walitandikiwa maranda ya mbao, lakini vumbi lake lilimbana dada kifua, akawa hawezi kukaa sebuleni bila dawa yake ya kuvuta. Mama akasema wanyama waondoke. Dada hakubisha, ila alikaa siku nzima karibu na kizimba amemshika Karani mapajani, asile wala asiseme neno. Mama akashindwa kuvumilia.

Mama alikuwa fundi cherehani. Alichukua blanketi jipya la manyoya laini, lile jepesi linalokauka upesi, akalikata vipande. Ndani ya kila kipande akashona taulo kuukuu, akazungushia mshono mnene. Yakawa matandiko safi ya kizimba, yasiyo na vumbi hata chembe. Mkojo ulipita kwenye blanketi ukazama kwenye taulo, na juu pakabaki pakavu. Dada aliweza kukaa karibu na wanyama wake akipumua vizuri. Tangu dada azaliwe, nyumba ile haikuwa imewahi kupata ushindi dhidi ya pumu, na huu ulikuwa wa kwanza.

Baba alikuwa dobi, na kibanda chake kilikuwa uani. Yeye ndiye aliyevifua vitambaa vile mara nyingi vilipokuwa vipya, mpaka vikakubali kupitisha maji. Kisha akamkabidhi Chiriku kazi.

"Sikiliza, mwanangu," alimwambia. "Kwanza unakung'uta vinyesi na majani. Halafu unaloweka, unafua kwa sabuni ya kawaida, unasuuza mpaka maji yatoke safi, unaanika juani. Na ile dawa yangu ya kulainisha nguo usiiguse. Ile ni ya mashati ya wateja. Ukiitia kwenye vitambaa hivi..."

"Nimeelewa, baba! Tayari!" Chiriku alikuwa ameshafika mlangoni. Nje wenzake walikuwa wanaruka kamba.

Baba alicheka, akarudi kwenye pasi yake. Ile "ukiitia" ikabaki hewani, haikupata wa kuimalizia.

Kwa muda Chiriku alifanya kazi vizuri. Lakini kufua vitambaa vya simbilisi si mchezo. Manyoya hunasa, hata ukung'ute mpaka mkono uchoke. Maji ya kwanza hunuka, ya pili hunuka, na kamba ya kuruka haimsubiri mtu. Siku moja, akiwa na haraka, aliona dumu la dawa ya kulainisha nguo kibandani kwa baba. Akatia kifuniko kimoja kwenye ndoo ya maji, akachovya vitambaa, akakamua, akaanika. Hakutumia sabuni. Hakusugua. Vikatoka laini ajabu, vinanukia maua.

"Ehe!" Mama alisema jioni ile, amekiweka kitambaa puani. "Leo umefua, mwanangu. Mikono yako imeanza kufanana na ya baba yako."

Chiriku angeweza kusema ukweli pale pale, na hadithi hii isingekuwepo. Lakini sifa ni tamu, na yeye aliipokea. Kesho yake akatia vifuniko viwili.

Baba hakugundua. Pua ya dobi imechoka. Inashinda kwenye sabuni na dawa kutwa nzima, na harufu ya maua kwake ni kama harufu ya hewa.

Baada ya siku kadhaa Chiriku aliona jambo la ajabu. Mkojo haukuzama tena. Ulikaa juu ya kitambaa, vidimbwi vidogo vinavyong'aa, na simbilisi walikanyaga humo humo. Aliufuta kwa gazeti. Siku iliyofuata akaufuta tena. Siku ya tatu alichelewa, na mama akawa wa kwanza kufika.

"Mbona miguu ya hawa imeloa?" Mama aliuliza.

"Chupa yao ya maji inavuja, mama."

Lilimtoka hivyo hivyo, bila hata kulipanga. Baba akaacha mashati ya watu, akaja kuikagua chupa. Akaifungua, akaifunga, akaizungushia uzi na mpira. Akaketi akiikodolea macho, aone tone linatoka wapi. Halikutoka. "Labda ilikuwa imelegea tu," alisema hatimaye, akajifuta jasho. Chiriku alisimama nyuma yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamani mtu mwingine aseme.

Mambo yakaenda mrama kwa pande mbili. Dada alianza kukohoa tena. Akikaa karibu na kizimba, kifua kinambana, na dawa yake ya kuvuta, iliyokuwa imesahauliwa kabatini, ikarudi mfukoni. Asubuhi moja alibanwa vibaya sana kabla ya kwenda shule. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, mabega yanapanda na kushuka, midomo imepoteza rangi. Mama alimpa dawa yake ya kuvuta. Alipopata nafuu, neno lake la kwanza lilikuwa, "Si wao, mama. Naomba. Si wao."

"Kama si wao ni nani?" Mama alijibu, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Vumbi hakuna. Maranda hakuna. Nimeshona kila nilichoweza kushona. Nimebakiwa na nini?"

Chiriku hakujua kwamba harufu kali inaweza kumbana mwenye pumu. Lakini alijua kuna kitu amekibadilisha, na kwamba tangu akibadilishe nyumba haina amani. Alikaa kimya kifungua kinywa chote. Hakuna aliyeuliza kwa nini, maana kila mtu alikuwa na lake.

Siku hiyo hiyo Karani hakupiga kelele. Bibi Mkubwa alipopaza sauti kuomba majani, Karani alibaki kwenye kona yake, mguu mmoja ameuinua. Dada alimbeba akamgeuza taratibu. Nyayo zilikuwa nyekundu, zimevimba, na mguu ule mmoja ulikuwa na kidonda chenye gamba jeusi. Bibi Mkubwa naye alikuwa ameanza kuvimba, ila si sana. Unene wake ulimfanya akae zaidi kuliko kutembea.

Mama, dada na Chiriku waliwapeleka kwa daktari wa mifugo. Alikuwa mwanamke mwenye sauti nzito na buti za mpira.

"Mimi ni mtu wa ng'ombe," alisema akivaa miwani. "Lakini kidonda ni kidonda." Alimtazama Karani kwa muda mrefu, akimbonyeza mguu kwa ncha ya kidole. Uso wake ukabadilika. "Miguu hii imekaa kwenye unyevu siku nyingi. Huyu mnene atapona. Huyu mwembamba, kidonda kimeshafika mfupani. Nitampa dawa, lakini sitawadanganya. Wanalalia nini?"

"Vitambaa," Mama alijibu. "Nimevishona mwenyewe."

"Vinafuliwa?"

"Vinafuliwa!" Mama alimvuta Chiriku mbele, akamwekea mkono begani. "Huyu hapa anavifua kwa mikono yake mwenyewe. Vinanukia hata sebule nzima. Katika hilo, daktari, sina wasiwasi na mwanangu."

Daktari alimtazama Chiriku. Chiriku alitazama buti za daktari.

"Basi kama vinafuliwa," daktari alisema polepole, "labda vitambaa vyenyewe havifai. Watandikieni maranda, au majani makavu."

Dada alifumba macho. Wote watatu walijua maana ya maneno yale. Kurudi kwenye maranda ni vumbi, na vumbi ni kifua cha dada. Simbilisi hawakuwa na pa kubaki nyumbani mle.

Njiani kurudi Mama alisema mara moja tu, kama anayejisemea mwenyewe: "Ni mimi. Mimi na ujanja wangu wa kuungaunga vitambaa. Ningewagawa tangu mwanzo wasingeteseka." Chiriku, aliyekuwa amebeba kikapu, alifungua mdomo. Ukafunguka, lakini hakuna kilichotoka. Akaufunga. Alijiambia atasema wakifika nyumbani. Walipofika, alijiambia atasema wakishakula. Wakala, na hakusema.

Karani alikufa kesho yake asubuhi, mikononi mwa dada, kabla jua halijafika dirishani. Hakupiga kelele yoyote. Aliinua kichwa kidogo, akamtazama kama alivyowatazama watu siku zote, kisha akakilaza. Dada alibaki amemshika mpaka mwili ukapoa. Baba alichimba shimo dogo nyuma ya kibanda chake, na dada akamfunga Karani kwa kipande cha kanga ya zamani ya mama. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimtiririka tu mpaka kidevuni, na kila baada ya muda kifua chake kilitoa ule mluzi mwembamba wa pumu.

Chiriku alilia kuliko wote. Mama alimkumbatia, akamwambia, "Nyamaza, mwanangu. Wewe ulifanya yako yote." Maneno yale yalimchoma kuliko kofi. Angepigwa angeona afadhali.

Waliporudi ndani, Baba alitoa kikapu. "Nitampeleka Bibi Mkubwa kwa daktari," alisema. "Nimempigia simu, amesema anaweza kumtafutia watu wenye banda la nje." Dada alitikisa kichwa kukubali, bila kumtazama mtu. Bibi Mkubwa, asiyejua lolote, alikuwa anazunguka kizimba akipiga kelele, anaita, ananyamaza kusikiliza, anaita tena. Hapakuwa na wa kumjibu.

Mama alivikusanya vitambaa kwenye kamba, akaviweka juu ya meza ya cherehani, akachukua mkasi. "Nitavikata matambara ya kupigia deki," alisema. "Sitaki kuviona."

Mkasi ulifunguka.

"Mama, usikate!" Chiriku alipiga kelele mpaka Bibi Mkubwa akanyamaza. "Usikate. Si vitambaa. Ni mimi."

Wote watatu walimgeukia. Na msichana yule asiyejua kunyamaza akasema kwa shida, neno baada ya neno, kama mtu anayetoa miiba. Alisema kuhusu dumu la baba. Alisema kwamba hakuwa akitumia sabuni, na kwamba vifuniko viliongezeka. Alisema kuhusu vidimbwi na gazeti. Mwisho akasema, "Na chupa haikuvuja. Haijawahi kuvuja."

Baba aliweka kikapu chini. Alichukua kitambaa kimoja, akaenda nacho uani, nao wakamfuata. Akakitandaza juu ya benchi lake la kufulia, akachota maji kwa kikombe, akayamimina taratibu. Maji hayakuzama. Yalijikusanya juu ya manyoya, matone ya duara yanayometameta, yakateleza mpaka ukingoni yakaanguka chini. Kitambaa kilibaki kikavu na kinanukia maua.

"Dawa hii ina mafuta," Baba alisema. "Inaupaka uzi. Shati haliumii, kwa sababu shati halikojolewi. Hiki kimekuwa kama mwavuli. Na hiyo harufu..." Alimtazama dada, akamtazama mke wake. "Pumu haipendi harufu kali. Tulikuwa tunawalaumu wanyama, kumbe ni mimi niliyeweka dumu wazi."

"Ni mimi," Chiriku alisema.

Dada alikuwa amesimama mlangoni. Aliuliza kwa sauti ya chini sana, "Ulipoona vile vidimbwi, ulijua kuna tatizo?"

Chiriku akatikisa kichwa kukubali.

"Jana kwa daktari ulikuwa unajua, na ukanyamaza?"

"Ndiyo, dada."

"Angekuwa amepewa dawa mapema." Dada aliingia ndani, akafunga mlango wa chumba chao. Chiriku alitaka kumfuata, lakini Baba alimshika mkono.

"Mwache. Ana haki."

Mama naye aliingia ndani, wakabaki wawili uani. Baba alichemsha maji, akayamimina kwenye beseni, akaongeza siki, akatumbukiza vitambaa vyote. Akamsogezea Chiriku kigoda. Walisugua pamoja. Maji yakatoka ya kijivu, yenye povu na harufu ya maua iliyochanganyika na ya mkojo wa siku nyingi, mpaka Chiriku akageuza uso.

"Tazama," Baba alisema. "Usigeuke. Uchafu wote ulikuwemo humu. Hakuna ulichokuwa umetoa." Alikamua kitambaa, akamwaga maji, akamimina mengine. "Mwanangu, mimi dawa hii naitia mwisho, juu ya nguo iliyokwisha kutakata. Haisafishi kitu, ila inanukisha. Wewe ulinukisha uchafu. Na ulipomwambia mama yako chupa inavuja, ukafanya vile vile kwa maneno. Nami nikakaa pale nikifunga uzi kwenye chupa nzima, wakati mnyama anaoza miguu mbele yangu. Sikukuzaa uwe mtu asiyekosea. Kosa la kufua vibaya tungelirekebisha siku moja. Lililomuua Karani ni siku zile nyingine zote ulizonyamaza."

Chiriku aliinamia beseni. Alisugua tu. Waliosha tena, na tena, mpaka mikono yake ikakunjamana. Kila mara Baba alimimina maji ya kikombe juu ya kitambaa. Mara ya kwanza yaliteleza. Baadaye yakasita kidogo. Jioni ilipokaribia yakazama bila kusita, yakaloweka taulo la ndani, na Chiriku alipoweka kiganja juu akahisi unyevu kidogo tu.

Bibi Mkubwa hakupelekwa kokote. Alipakwa dawa ya daktari asubuhi na jioni, na aliyempaka alikuwa Chiriku. Nyayo zake zilinywea taratibu, wekundu ukaisha. Dada alipumua vizuri tena, na dawa ya kuvuta ikarudi kabatini. Lakini kelele za alasiri zilikuwa za mmoja sasa, na kwa muda mrefu dada aliongea na Chiriku yale ya lazima tu: nipe chumvi, funga dirisha, zima taa. Hakumtukana wala hakumnunia. Hakumwamini tu. Chiriku aliuona ule mlango uliofungwa hata wakati mlango wenyewe ulikuwa wazi.

Alasiri moja wingu lilikuwa zito. Mama, akiwa kwenye cherehani, aliita kama kawaida: "Chiriku! Vitambaa vimekauka?"

Nje wenzake walikuwa wanaruka kamba, wanamngoja. Dada alikuwa amekaa karibu na kizimba, Bibi Mkubwa mapajani, akisoma. Chiriku alikwenda kwenye kamba. Akashika kitambaa cha kwanza, akakigeuza, akakibana kwa vidole mpaka kwenye taulo la ndani. Akakiweka shavuni.

"Bado, mama," alijibu. "Juu kimekauka, lakini ndani kina unyevu."

Cherehani ikanyamaza. "Basi tutasubiri," Mama alisema. "Kusubiri hakumdhuru mtu. Mwenye kusema bado, mwanangu, ndiye nitakayemwamini siku atakaposema tayari."

Dada aliinua macho kutoka kwenye kitabu. Alimtazama mdogo wake pale kwenye kamba, kitambaa bado kiko shavuni. Kisha akasogea kidogo kwenye mkeka, upande wa ile kona ya kizimba aliyokuwa akikaa Karani, akaacha nafasi ya mtu mmoja kukaa.